Mizani ya Dhahabu

Kaka yangu Lubango anapima dagaa
kwa mizani aliyoinunua Geita
enzi akitafuta dhahabu na kupata deni.
Gramu mia moja na ishirini. Anaondoa dagaa mmoja,
anamrudisha,
anaandika kwenye kaunta buku.

Ugali ameuacha. Wali, chapati, hata viazi
alivyovilima mkewe Nyanzala kwa mikono yake huko Usagara.
Asubuhi mayai matatu na parachichi,
jioni sato wa kukaanga, mafuta yanamchuruzika kidevuni,
na huu mwezi wa pili sasa
chai anaitia chumvi pahali pa sukari.

"Nani alilipia huo utafiti?" ananiuliza,
kijiti cha meno kikining'inia mdomoni.
"Aliyesema mafuta yanaua, yeye alikuwa anauza nini?"
Halafu ananinyooshea kidole, mimi,
kana kwamba nilikuwepo mezani walipogawana.

Nilikuwepo, ila si mezani.
Nilikuwa mwaloni Kirumba, nimevaa fulana ya mradi,
nawauliza wanawake waanika dagaa:
Wiki iliyopita ulikula matunda mara ngapi?
Mmoja, Bituro, akacheka mpaka akakaa chini.
"Embe la kuokota ni tunda au ni bahati?"
Fomu ilikuwa na visanduku vinne.
Bahati haikuwamo.
Nikatia alama kwenye mara moja hadi mbili.
Na siku ile ya mvua, kurasa kumi na moja zilipolowa,
nilizijaza upya usiku, chumbani Mabatini,
kwa kumbukumbu, kwa kukisia,
kwa kalamu ya rangi ileile.

Hili sijamwambia Lubango.
Atalipandisha kama bendera.

Kwa hiyo nikitetea, natetea mguu mmoja nje.
Namwambia: watu elfu nne, kaka, miaka sita.
Ananijibu: mama.
Mama alikula michembe na nsansa na furu wa kukausha,
hakujua kipimo, akafika tisini na moja.
Nami: na mama mdogo Kwilasa je?
Chungu kimoja, michembe ileile.
Hakufika arobaini.
Anageuka kutazama ziwa. Ziwa halina upande.

Sikatai, sukari ilishuka.
Kumi na nne ikawa tisa, tisa ikawa sita nukta mbili;
alinipigia simu saa kumi alfajiri kunisomea,
sauti kama ya mtu aliyepata mtoto.
Mkanda umetobolewa matundu mawili zaidi kwa msumari.
Daktari kule kilimani hakumuuliza anakula nini.
Alitazama kompyuta, akasema endelea na vidonge,
mwingine aingie.
Hapo kaka ana haki,
na haki hiyo ndiyo inayomlevya.

Jumapili nilifungua lile buku nikitafuta kalamu.
Machi inaishia tarehe tisa.
Inaanza tena ishirini na tatu, wino mpya, namba nzuri nzuri.
Katikati, kwenye uzi wa mshono,
vimebaki vimeno vya karatasi iliyochanwa.
Nikavipapasa.
Mkono wa aina hiyo naufahamu.

Nyanzala akaleta sufuria ya matobolwa, mvuke unapanda.
Ya watoto, alisema.
Lubango akachukua kipande, akakiweka juu ya mizani.
Namba zikachezacheza, zikatulia.
Akaziangalia, akaniangalia,
akazima mizani,
akala.

Hakuandika.
Nami niliyelipwa miaka kumi kuandika walichokula watu
nikamsogezea sahani.
"Kesho twende wote ukapime," nikamwambia.
"Itakayotoka, itoke. Usiichane."

Akatafuna polepole, kijiti sikioni.
"Na wewe," akasema, "mbona umenyamaza kama mwenye deni?"

Nikachukua kipande. Kilikuwa kitamu, cha moto, kikanibabua ulimi.
"Kurasa kumi na moja," nikaanza.