Mistari Mitatu

Binti, karatasi yako nimeisoma mara mbili,
mara ya pili kwa miwani ya marehemu baba.
Swali la kumi na moja:
Kwa nini wanawake wamechelewa kufika uongozi wa juu?
Chini yake umeniachia mistari mitatu.

Mitatu!
Deni langu la sukari dukani kwa Faki limeandikwa kwa zaidi.

Basi geuza, andika huku nyuma palipo peupe.
Kazija Shaame, Kangagani,
katibu wa tawi, mwaka wa kumi na tisa huu.
Ufunguo wa ofisi ninao mie,
umefungwa pindoni mwa kanga pamoja na nauli ya Wete.
Alfajiri nafungua, nafagia,
napangusa mavi ya popo kwenye meza ya mwenyekiti.
Daftari la wanachama ni mwandiko wangu:
nani kahama, nani kafa, nani kadi yake imeliwa na mchwa.
Nyumba mia nne na kumi nazijua kwa milango.
Hodi yangu ina sugu.

Mwaka ule nikachukua fomu.
Fomu yenyewe haikuniuliza mengi:
jina, umri, kisomo, sahihi.
Watu ndio waliouliza.
"Mbarouk anasemaje?"
Sheha kauliza, akitazama viatu vyangu.
Wifi kauliza.
Muuza samaki kauliza, kibua mkononi kinachuruzika.
Hamad Khatib alichukua fomu siku moja na mie,
mkewe yuko Mkoani mwezi wa tano kwao kanuna,
na hapana aliyemuuliza mkewe anasemaje.

(Mbarouk, ukitaka kujua, alisema: nenda.
Kisha akasema: na chai ya watoto?
Yote mawili aliyasema kwa moyo safi.)

Sasa nikueleze lisilo na kijisanduku kwenye karatasi yako.
Pana Baraza lile la Unguja, la vipaza sauti na viti vya kuzunguka,
na pana baraza hili la saruji, nje kwa Bwana Mbwana.
Njia ya kwendea lile inapita hapa.
Baada ya isha wanakaa.
Dhumna linachapwa. Hapana ajenda, hapana wa kuandika,
na kete ya mwisho ikilia mmoja anasema, "Basi tumpe Hamad,"
mwengine anasema, "Hamad," buli linazunguka.
Buli langu.
Kahawa nimeichemsha mie, tangawizi nimeitwanga mie,
mwanangu kaipeleka,
na ndiye aliyerudi na habari pamoja na vikombe.

Mie ningekwendaje?
Mwanamke akipita barazani usiku huamkia, hapunguzi mwendo.
Akipunguza, asubuhi jina lake liko sokoni.

Nikafungua ofisi. Nikapanga viti arubaini, nikaweka sanduku,
nikatoa hotuba niliyoikariri nikifunga mwani:
zahanati isiyo mkunga, bomba linalokohoa.
Wakanipigia makofi marefu.
Makofi ya namna ile, binti, hupigiwa anayeagwa.

Kura saba.
Na wanawake mle ndani walikuwa kumi na wanne.
Hilo nalo liandike, usinionee haya.
Bi Riziki alinishika mkono mlangoni, machozi yanamlenga:
"Ukenda Unguja weye, nani atatufungulia ofisi?"

Wakaniliwaza: viti maalumu vipo, inshallah.
Vipo. Kama kiti cha mgeni,
hukikalii mpaka uambiwe, na ukiondoka hupangusiwa.

Mistari yako mitatu nimeiacha mitupu.
Si kwa kukosa jibu.
Nataka huko ofisini kwenu mtu aishangae, aigeuze karatasi.

Na ukirudi baada ya Idi, usinitafute tawini.
Nimemwita fundi.
Baraza linajengwa hapa, mbele ya mlango wangu,
dhumna nimeshalinunua Chake.
Mbarouk ananiuliza atakaa nani.
Nimemwambia alete saruji kwanza.