Picha Mbili

Naweka picha mbili kwenye taa:
ya Machi mwaka juzi, na ya leo.
Mvua ya Kadutu yapiga mabati, jenereta yakohoa.

Katika ya leo hata mtoto angekiona.
Katika ile ya kwanza, sasa kwa kuwa najua pa kutazama,
punje ya mtama, nyeupe ndani ya weupe,
chumvi iliyomwagikia unga wa muhogo.
Chini, mwandiko wangu:
Hakuna kitu. Arudi baada ya miaka miwili.

Mama Nsimire amerudi, tarehe ileile,
kadi kaihifadhi ndani ya mfuko wa sukari.

"Dokta, kilikuwepo?"

Jenereta inazimika.

"Na kilikuwa bado kidogo?"

Najibu ndiyo
kabla taa haijarudi kuniangalia usoni.