Sanduku la Bibi Kibawa

Siku ya nne ya kilio, mtaa wa Kamalondo,
viti vya kukodi vimesharudi, tumebaki wenye nyumba
na sufuria ya bukari iliyogandia chini.
Mama mukubwa akaleta ufunguo wa sanduku.
Akampa Rashel.
Mimi ndiye kifungua mimba,
lakini Rashel ndiye aliyetoka na ngozi ya babu,
na nyumba hii tangu zamani huhesabu watoto
kuanzia upande wa mwanga.

Babu: muuza vitambaa, Myahudi wa kisiwa cha Rodo,
kwao walisema Kihispania cha kale,
dukani akasema Kiswahili cha wachimba shaba.
"Ija," alimwita mama yetu. Binti.
Ametuachia neno hilo, na pua.
Jina la ukoo alipanda nalo ndege.

Mimi nikazaliwa mweusi wa kutosha
mgeni kunikuta mlangoni na kuuliza, "Wenyewe wapo?"
Rashel naye, soko la Kenya, nyanya zilezile,
bei mara mbili: "Muzungu, ongeza!"
Alirudi analia, nikacheka.
Nilikuwa na miaka kumi na miwili
na ilikuwa mara ya kwanza rangi yangu kununua kitu.

Kila picha ya familia, fundi alisema,
"Mweupe akae katikati. Wewe, sogea, unakula mwanga."
Nimekula mwanga miaka ishirini.
Sijashiba.

Basi tukafungua. Umeme ulikuwa umekatika,
Rashel ameshika simu juu, inamulika.
Vitenge vitatu havijavaliwa.
Kadi ya hospitali ya kampuni, kona zimeliwa na mende.
Na chini kabisa, ndani ya gazeti, kikopo cha krimu,
nusu.
Nilijua harufu kabla ya kusoma maandishi:
harufu ya kukumbatiwa na bibi.
Tulidhani uzee ndivyo unavyonukia.

Bibi! Aliyetuambia ngozi ni ngozi, hata mbuzi anayo.
Nikakumbuka vifundo vya vidole vyake,
vyeusi tii, kama mtu aliyetoka kuchambua makaa.
Uso ulikubali rushwa miaka yote ile.
Vifundo vilikataa.

"Tazama tarehe," Rashel akanong'ona. Inaisha mwakani.
Mwanamke wa miaka themanini na mmoja,
babu amekwenda tangu mama hajaota meno.
Alikuwa anajipaka kwa ajili ya nani?

Tukakaa sakafuni.
Ndipo Rashel akasema, bila kunitazama:
"Mimi nilikuwa napanda kile kilima cheusi cha kiwanda,
saa sita kamili, navua kofia, naomba jua linipike nifanane na wewe.
Niliungua, nikabambuka kama mjusi.
Chini ya gamba nikajikuta
nimezidi kuwa mweupe."
Nilitaka kucheka. Nikashindwa.
Nikachota krimu kwa kidole, nikapaka bawaba za sanduku
zilizokuwa zikilia tangu tulifungue.
Zikanyamaza.

Simu ikaisha chaji.
Mama mukubwa akagonga: "Kuna nini mule?"
"Vitenge," tukajibu pamoja.
"Nani amejibu?" akauliza. "Numbi ao Rashel?"
Gizani hajawahi kututofautisha.
Tukamwacha asubiri kidogo.