Somo la Jumatano

Darasa liko juu ya duka la mikate, Kutaisi,
na joto la tanuri hupanda sakafuni
hadi kwenye soli za viatu vyetu.
Tuko kumi na mmoja. Mkubwa wao ni mimi,
Lamara wa masijala ya ardhi,
miaka thelathini na mmoja ya muhuri na wino wa zambarau.

Mwalimu, Tornike, hajafikia umri wa muhuri wangu.
Hakuwasha kompyuta. Aligawa karatasi:
"Andikeni alichomuuzia Gocha bibi Manana."
Tukaandika sote: mizabibu, safu arobaini.
Akaichukua karatasi ya Zurabi, akaichana,
vipande akavitia mfukoni.
"Je, shamba limepotea?"
Tukacheka. Kumi tulikuwa nalo.
"Na Zurabi akirudi kesho na safu hamsini?"
Tukamgeukia Zurabi, macho ishirini,
naye, maskini, akaona haya kwa kosa ambalo hajalitenda.

Mimi nilikuwa mbali, katika ile miaka ya giza,
umeme saa mbili kwa siku,
panya wamekula herufi tatu za rejista
na koo zote za herufi hizo zimejaa mlangoni kwangu
zikiapa, na majirani wakiapa kinyume.
Mali bila daftari hupotea bila habari.
Nayo mali yenye daftari moja tu?

Usiku niliandika nyuma ya bili ya gesi, nisisahau:

    Bloku yabeba habari,
    na saa yake dhahiri,
    na muhuri wa nambari
    ya bloku iliyopita.

Muhuri huo si wangu, wa mpira na mpini.
Nililiandika jina langu, mashine ikatoa
mkia wa tarakimu na herufi, sitini na nne.
Alfabeti yetu haina kubwa wala ndogo,
basi nikaongeza nukta tu, mwishoni.
Mkia mpya! Haukufanana na wa kwanza
hata kama ndugu wa kambo.
Nukta moja. Nilikaa nayo mpaka chai ikapoa.

Jumatano ya tano ilikuwa ya matumizi:
jibini linalofuatwa kutoka zizini hadi mezani,
chanjo, vyeti vya chuo,
ardhi. Hapo Tornike akanitazama kwa heshima.
Nikauliza, "Na mwandishi akiwa mwongo?"
Chini yetu mtu alifungua tanuri.
"Mnyororo haujui ukweli, shangazi.
Unajua kilichosemwa, lini, na kwa ufunguo wa nani."

Basi nitasema.
Shamba la mjane Tsiala, kule Vani,
niliandika kwa jina la shemeji yake.
Pesa sikula. Nilikula unga, magunia mawili,
na kuni za wiki sita, wanangu wakiwa wadogo.
Wembe wa kuparulia wino ule
ungali kwenye droo. Kila mwaka nilisema, mwakani.
Tsiala alizikwa na kesi yake.

"Kosa linafutwaje?" nilimuuliza ngazini.
"Halifutwi. Unaongeza bloku inayosema, pale nilikosea.
Zinabaki zote mbili, ya pili imeishika ya kwanza."

Jumatatu tulianza kuhamisha Vani, ukurasa kwa ukurasa.
Niliuingiza uongo wangu kama ulivyo, na tarehe yake.
Kisha chini yake, kwa ufunguo wangu:
*Mimi Lamara niliandika isivyo, kwa unga na kuni.
Mwenye shamba ni Tsiala; baada yake, binti yake Ketino.*
Nikabonyeza. Mahali nisipopajua,
mashine za watu nisiowajua zikakubaliana.

Sikujisikia mwepesi. Nilisikia njaa.
Nikashuka kununua mkate; ulikuwa wa moto mno,
nikaurusha mkono huu, mkono huu,
hadi kituo cha basi la Vani.