Mkunjo

Nyumba yetu ya Łódź, ghorofa ya nne,
ilikuwa chumba kimoja kilichojua kujigeuza.
Kila asubuhi baba alisukuma kitanda kwa bega
kikapanda ukutani, shuka na mito ndani yake;
akafunga ukanda wa ngozi,
na palipokuwa na usingizi pakawa na kabati
lenye rafu, saa, na sungura wa kaure.
Mgeni asingejua kwamba huwa tunalala.

Kiti cha kuegemea kilikuwa changu.
Kilifunguka mara tatu, kikilia kama bata,
na mguu wake mbovu ulisimama juu ya kamusi ya Kirusi
tuliyoambiwa shuleni tuiheshimu.
Zbyszek alilala jikoni, juu ya benchi
lenye tumbo la viazi.
Akigeuka usiku, navyo viligeuka.

Nilisomea bafuni. Baba alilaza ubao
juu ya hodhi, likawa dawati.
Desemba, chini ya ubao, aliogelea samaki wa Krismasi,
mnene, kimya, asiyejua tarehe.
Nilimkaririsha hesabu.
Saba mara nane akapiga mkia,
daftari likalowa chapachapa.

Samaki mkunje angali mbichi:
sisi nasi tulikunjwa mapema.
Tulijua kula viwiko vikiwa mbavuni,
kuvaa suruali chini ya blanketi,
kugombana kwa kunong'ona.
Mama peke yake alikuwa mkunjufu,
sijui bawaba zake zilikuwa wapi.

Usiku wa mkesha meza ilifunguliwa mbawa zote,
mmoja akaketi mlangoni, nusu yake nje,
na bado iliwekwa sahani moja zaidi,
ya mgeni asiyealikwa.
Zbyszek akauliza, "Akija kweli, atakaa wapi?"
Mama akasema, "Tutamkunjulia."

Sasa ninaishi Poznań, vyumba vinne.
Kitanda changu hakina kazi nyingine.
Kimetandikwa, kinalala mchana kutwa
kama mstaafu.

Baba alifariki Novemba. Tangu hapo
nilikuwa nikienda kwa mama asubuhi, narudi kwa treni ya jioni.
Mwaka wa pili, Februari, theluji ikafunga reli,
nikalazimika kulala.
Nikafungua ukanda wa ngozi. Kitanda hakikushuka.
Tukavuta wawili, kikaja kwa kishindo
na harufu ya tumbaku.
Shuka zilikuwa zilezile za Novemba.
Mto wa baba bado ulikuwa na shimo la kichwa.

"Mama, hukilalii?"
"Ni kizito," akasema.
Akatazama pembeni, na mimi nikatazama huko:
kiti changu, kimefunguliwa mara tatu,
kamusi chini ya mguu.
Muda wote huo mama amelala ndani ya utoto wangu,
magoti kifuani.

Asubuhi nilitia bega langu. Hakikupanda.
Mama akaja na gauni lake la usiku
akaweka bega lake chini ya langu.
Tulisukuma mpaka tukaanza kucheka,
rafu ikatikisika, sungura akaanguka,
akapoteza sikio.

"Kiache," akasema. "Leo kibaki chini."
Akaleta birika, mkate, jamu ya plamu.
Tulikunja miguu juu ya shuka,
vikombe vikiyumba kila mmoja wetu alipopumua,
makombo yakiingia upande wa baba.