Kula Umfikie

Haikushushwa kwa kila mgeni.
Ilikaa juu ya kabati, imefungwa kwa kipande cha kanga kuukuu,
nyumbani kwa Bibi Kalunde, Isevya, Tabora:
sahani ya kauri, nyeupe,
si nyeupe ya chaki, nyeupe ya maziwa yaliyopoa,
na vinyufa vyembamba juu yake kama utando wa maziwa hayohayo.
Na buluu.
Buluu ya wino uliolowa, iliyovuja pembeni ya kila jani
kana kwamba aliyechora alikuwa anaitwa akale.

Ukingoni waridi, na zabibu ambazo hatukuzijua;
sisi tukasema ni ntalali.
Katikati daraja la mawe, mto, nyumba ya paa kali,
moshi umejikunja kama mkia wa paka,
na darajani mwanamke, peke yake, kashika mwavuli,
kiuno cha nyigu.

"Nani huyu, Bibi?"
"Nyamizi. Anatoka Cheyo. Kachelewa."
"Na mwavuli wa nini, mbona jua?"
"Mvua ipo. Iko nyuma ya sahani."

Nikaigeuza. Wali ukamwagika.
Nyuma nilikuta mhuri: simba mdogo kalala, kichwa cha mtu,
na herufi ambazo sikuwa nimefundishwa.
Mvua sikuiona. Kofi nililiona.

Mwaka nilipougua surua nikakataa hata uji,
Bibi aliishusha mwenyewe.
Akaijaza michembe iliyopikwa kwa karanga, hadi juu ya paa,
akasema: "Nyamizi yuko chini huko. Kula umfikie."
Nikachimba.
Likatoka waridi moja. Ukatoka moshi.
Nikala dirisha, nikala mlango, nikapumzika,
nikala mto wote hadi ng'ambo,
ndipo ncha ya mwavuli ikachomoza katika rojo la karanga
na uso wake chini yake, umepakazwa.
Nikamfuta kwa kidole. Nikalamba kidole.

Ilifikaje Isevya?
Mwamvua, mama yake Bibi, alipiga pasi kwa Mjerumani,
pasi ya mkaa, mashati ya kola ngumu,
na miezi minne mshahara wake ulikuwa "kesho".
Usiku mmoja Wajerumani wakaondoka.
Asubuhi Wabelgiji wakaingia.
Baina ya usiku ule na asubuhi ile, sahani ilihama.
Alipewa, au alijipa?
Bibi alisema: "Alilipwa."
Mama yangu, akichambua mchele, alisema: "Mh."

Mjomba Masanja ndiye aliyeiangusha,
siku ya posa ya dada yake, mbele ya wakwe.
Vipande vitatu.
Hakuna aliyezungumza mpaka chai ikapoa.
Bibi akavifunga katika kanga ileile, akaenda karakana ya reli
kwa fundi Hamduni, aliyekuwa na keekee nyembamba kama sindano.
Akatoboa. Akashona kwa waya wa shaba, mishono saba:
miwili kwenye paa, mmoja mtoni,
mitatu ukingoni, kati ya waridi,
na wa mwisho, kwa kuwa ufa haumchagui mtu,
ukapita kiunoni mwa Nyamizi.

Bibi aliinua sahani dirishani, akatazama sana.
Tukangoja alie.
"Ehe," akasema. "Sasa amevaa shanga."

Leo iko kwangu.
Zile herufi naweza kuzisoma; ni jina la mji,
na mji huo nimeutafuta katika ramani ya shule ya mwanangu,
nikaweka kidole, nikakiondoa.
Wino wa simba umefifia.
Shaba imekuwa kijani, na nikiosha napita taratibu
juu ya kila mshono, kama mtu anayesugua mgongo wa mzee.

Jana niliiosha, nikaisimamisha ukutani ikauke.
Shija wangu, miaka minne, akachungulia upande wa pili.
Maji yalikuwa yanashuka, tone, tone,
juu ya simba, juu ya jina la mji.
"Mama," akaniita, "huku nyuma kunanyesha."