Tarehe ya Kuundwa: Leo

Kompyuta ya zamani inakohoa kabla ya kuwaka,
feni yake inasaga kama mtu anayetafuna chuya.
Nje, ukungu wa Newala umekalia mabati,
jirani anagonga ndoo, anauliza kama gari la maji limepita.
Halijapita.
Nimeandika nenosiri mwenyewe, kidole kimoja kimoja.
Leo tunahamisha mafaili.

Ile mpya ipo mezani, nyembamba kama sinia ya kahawa,
nimeinunua kwa pesa za mnada wa pili wa korosho.
Haimjui mtu. Vibonye vyake visafi.
Vya huyu mzee vina unga wa manjano kwenye mianya:
salfa.
Hokororo alikuwa akitoka shambani kupulizia mikorosho
hanawi, anakaa, anagonga kwa vidole viwili,
herufi kubwa tupu,
kwa sababu siku moja alibonyeza kitu
na hakujua kukirudisha.
Miaka kumi na moja ameandika
kama mtu anayeita ng'ambo ya bonde.

Chitanda, kijana wa steshenari, amechomeka waya.
"Mama Nantende, tuchague. Vingine hivi takataka."
Ananisomea majina:
MPYA. MPYA 2. MPYA YA MWISHO. MPYA YA MWISHO KABISA.
PICHA ZA SIMU ILIYOIBWA.
RISALA HARUSI YA BINTI MKWANDA HAIKUSOMWA.
MBUZI.
"Hili la mbuzi tufute?"
Nikamwambia fungua.

MICHE ILIYOPANDWA 40.
ILIYOSHIKA 31.
ILIYOLIWA NA MBUZI WA CHILUMBA 9.
CHILUMBA AMEKATAA KULIPA.
NIMEMSAMEHE SITA. MITATU BADO.

Chitanda alicheka mpaka akafuta machozi.
Mimi nilimkumbuka Chilumba siku ya mazishi,
alivyolia kutushinda sote,
na hadi leo sijui alililia ipi,
ile sita au ile mitatu.

Kamstari kanasogea. Zimebaki dakika kumi na mbili.
Zimebaki saa mbili.
Zimebaki dakika tatu.
Inadanganya kama mnunuzi wa kangomba.
Kwenye asilimia sitini na tatu
umeme ukaenda zake.

Tukakaa kimya, watatu:
mimi, Chitanda,
na mtu aliyehama nusu.
Nusu ipi imevuka? Nilitaka kuuliza, nikaona haya.
Kuna sauti mle alijirekodi bila kujua,
dakika nne za kikohozi na redio na kijiko kikombeni.
Imefika hiyo, au zimefika hesabu za salfa tu?

Adhana ya alasiri ikapita, taa ikarudi, tukaanza upya.
Safari hii kamstari kakafika mwisho bila maneno.
Nikafungua moja, nikasoma kando yake:
*Tarehe ya kuundwa: leo. Saa kumi na dakika nne.*
La pili, leo. La mia, leo.
"Ndivyo inavyofanya," akasema Chitanda, anakunja waya.
"Ukinakili, inahesabu limezaliwa hapa."

Basi humu ndani hana hata siku moja.
Amezaliwa leo jioni, kwa herufi kubwa,
na tayari anadai miche mitatu.

Mashine mpya imempigia mistari myekundu chini ya kila neno,
kama mwalimu mgeni aliyeletwa na uhamisho.
MICHE, kosa. MBUZI, kosa. CHILUMBA, kosa.
Chitanda ameshaondoka. Nimewasha taa.
Nabonyeza: ongeza kwenye kamusi.
Tena: ongeza kwenye kamusi.
Neno kwa neno, mstari kwa mstari, wekundu unafutika,
mpaka nikafika chini kabisa, alipoweka jina lake.
Hapo nikasita,
nikatazama kidole changu.
Kina unga wa manjano.
Na kibonye nilichotoka kukigusa, kwenye mashine mpya,
si kisafi tena.